Mapenzi hayatoshi: Hesabu ya mshahara anayopigiwa Mkenya anayemwita mkewe Marekani

HARUSI imefanyika, picha zimepigwa na wageni wamerudi makwao. Bwana harusi, ambaye likizo yake ilikuwa ya wiki tatu tu, amepanda ndege kurejea Dallas au Lowell, naye bibi harusi amebaki kwa wazazi wake akihesabu miezi. Baadaye habari njema inafika: ombi la kumtambua kuwa mke wa raia wa Marekani limekubaliwa. Familia nzima yadhani kilichosalia ni viza kugongwa kwenye pasipoti. Ndipo linapokuja swali ambalo hakuna aliyelitarajia hata katika vikao vya mahari: huyo bwana hupata pesa ngapi kwa mwaka?

Swali hilo si la udaku. Sheria ya Marekani humtaka kila raia au mkaazi wa kudumu anayemwita mwenzi wake kuhamia huko athibitishe kwamba ana uwezo wa kumkimu, asije akawa mzigo kwa serikali. Uthibitisho huo huandikwa katika fomu iitwayo I-864, ambayo ni hati ya kiapo cha udhamini. Waume kwa wake huijaza, maana siku hizi si ajabu mke, aghalabu muuguzi, kuwa ndiye aliyetangulia ughaibuni na mume kuwa ndiye anayesubiri Nairobi au Eldoret.

Wazo lenyewe ni kongwe. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1882 ilikuwa tayari imewapa maafisa wa bandarini mamlaka ya kumzuia mtu aliyeonekana kwamba hangeweza kujitunza bila kuwa mzigo kwa umma. Kwa miongo mingi, hata hivyo, ahadi ya mdhamini ilichukuliwa kuwa ahadi ya heshima tu, na mahakama zilisita kumlazimisha mtu aitimize. Mambo yalibadilika 1996, Bunge la Congress lilipopitisha sheria mpya ya uhamiaji ambayo Rais Bill Clinton aliitia sahihi. Kuanzia Desemba 19, 1997, ahadi hiyo iligeuka kuwa mkataba kamili baina ya mdhamini na serikali. Mkataba ambao hata yule anayedhaminiwa anaweza kuupeleka kortini. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu ndilo linalowaponza wengi.

Kipimo kinachotumiwa ni viwango vya umaskini ambavyo Idara ya Afya na Huduma za Kibinadamu ya Marekani hutangaza kila mwaka. Mdhamini hutakiwa awe na pato lisilopungua asilimia 125 ya kiwango cha familia yenye idadi ya watu sawa na yake. Kwa jedwali lililoanza kutumika Machi 1, 2025, familia ya watu wawili ilihitaji Dola 26,437 kwa mwaka, yaani takriban Sh3.4 milioni kwa kima cha ubadilishanaji cha mwaka huo. Watu watatu walihitaji Dola 33,312, na wanne Dola 40,187. Alaska na Hawaii zina viwango vyao vya juu zaidi. Mwanajeshi aliye kazini anayemdhamini mwenzi au mwanawe hupunguziwa: yeye hutakiwa kufikia asilimia 100 pekee. Kwa kuwa jedwali hubadilika kila mwaka, anayejaza fomu sharti atafute la mwaka wake, si lile alilopewa na rafiki aliyepitia njia hiyo zamani.

Sh3.4 milioni ni pesa nyingi zikisomwa hapa nyumbani, na pengine ndiyo sababu jamaa wengi hudhani mtu yeyote aliye Marekani hupita kizingiti hicho akiwa usingizini. Tupige hesabu. Kima cha chini cha mshahara cha serikali ya kitaifa ya Marekani ni Dola 7.25 kwa saa, na hakijaongezwa tangu Julai 2009. Mtu akifanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki zote 52, bila kuugua wala kuomba ruhusa ya kwenda mazishini, atapata Dola 15,080. Kiasi hicho hakimfikishi popote. Ili kumdhamini mke pekee kwa jedwali la 2025, alihitaji kulipwa angalau Dola 12.71 kwa saa. Akiwa na mtoto mmoja, zaidi kidogo ya Dola 16. Na akiwa na wawili, Dola 19.32.

Makao nayo yana uzito wake. Texas, ambako Wakenya wengi wamefanya maskani, hufuata kima hicho cha kitaifa, ilhali Massachusetts imeweka Dola 15 kwa saa tangu 2023. Mfanyakazi wa kima cha chini wa jimbo hilo la pili hufikisha Dola 31,200 kwa mwaka. Zilimtosha kumwita mke, lakini hazikutosha kumwita mke pamoja na mtoto.

Kosa la kwanza ambalo wadhamini hufanya ni katika kuhesabu watu. Mtu huandika wawili, yeye na mkewe, kumbe sheria inamhesabia wanne. Katika hesabu huingia mdhamini mwenyewe, mwenzi anayeitwa, watoto wanaoandamana naye, na watoto wa mdhamini walio chini ya umri wa miaka 21 na ambao hawajaoa au kuolewa. Yule mtoto aliyezaliwa kabla ya safari na ambaye analelewa na nyanyake kule Kisii yumo. Yumo pia yeyote aliyetajwa kuwa tegemezi katika fomu ya kodi. Na kama mdhamini aliwahi kutia sahihi ya I-864 kwa ajili ya mtu mwingine, tuseme ndugu au mke wa zamani, na dhamana hiyo haijakoma, basi mtu huyo bado anahesabiwa kana kwamba anaketi mezani pake kila jioni.

Wasiohesabiwa ni wale ambao kwa Mkenya ndio mzigo halisi. Mama anayetumiwa pesa za matumizi kila mwezi, mdogo wake anayelipiwa karo ya chuo kikuu, binamu aliye hospitalini: hao wote hawaonekani kwenye jedwali. Afisa wa viza hajui habari zao, wala fomu haimuulizi mdhamini lolote kuwahusu.

Pato linalotazamwa ni la sasa, likiungwa mkono na hati ya kodi ya mapato ya mwaka uliotangulia. Mdhamini huambatisha nakala ya kodi hiyo au muhtasari wake kutoka kwa mamlaka ya kodi, hati za mshahara za miezi ya karibuni, na barua ya mwajiri inayoeleza kazi yake na malipo. Aliyepaswa kulipa kodi na hakuwasilisha hesabu zake atatakiwa kwanza akazitengeneze.

Hapa ndipo madereva wa teksi, wenye maduka madogo na wale wanaofanya kazi za kandarasi wanapojikwaa. Mtu anayejiajiri huruhusiwa kuondoa gharama za biashara kabla ya kutozwa kodi: mafuta, matengenezo ya gari, simu, bima. Ni haki yake. Lakini pato ambalo idara ya uhamiaji hulisoma ni lile linalobaki baada ya gharama hizo kuondolewa. Dereva aliyekusanya Dola 50,000 na kuonyesha gharama za Dola 30,000 amejipunguzia kodi vizuri sana, na papo hapo amejiandikia pato la Dola 20,000 ambalo halimwezeshi kumwita mkewe. Huwezi kuwa maskini mbele ya mtoza kodi na tajiri mbele ya balozi katika mwaka mmoja.

Misaada ambayo serikali huwapa watu wenye pato la chini, kama vile kuponi za chakula, haihesabiwi kuwa pato, ingawa kuipokea hakumzuii mtu kuwa mdhamini. Malipo ya uzeeni, kinyume chake, huhesabiwa.

Je, mshahara wa mke aliye Nairobi? Wengi huuliza hivyo, hasa pale mke anapokuwa mhasibu au mwalimu anayelipwa vyema kuliko mume anayefagia maghala. Jibu ni kwamba pato la mhamiaji huingia tu ikiwa litaendelea kutoka chanzo kile kile baada ya yeye kuhamia. Mshahara wa shule ya Thika utakoma siku atakapopanda ndege, kwa hivyo haufai. Kodi ya nyumba anazopangisha, kwa sababu haikomi kwa yeye kusafiri, ina nafasi ya kukubaliwa iwapo ina ushahidi wa kutosha. Ahadi ya kazi inayomsubiri Marekani haihesabiwi kamwe.

Pato likipungua, mlango wa pili ni mali. Sheria haitaki thamani inayolingana na upungufu, bali hutaka zaidi. Raia anayemdhamini mwenzi wake huonyesha mali yenye thamani mara tatu ya pengo lililopo. Mwenye kadi ya kijani huonyesha mara tano. Mtu anayepata Dola 20,000 na aliyehitaji Dola 26,437 ana pengo la Dola 6,437. Akiwa raia atahitaji mali ya Dola 19,311. Akiwa mkaazi wa kudumu, Dola 32,185. Mali ya mwenzi anayeitwa pia huweza kuingizwa katika hesabu.

Miaka michache iliyopita mpwa wangu alinipigia simu usiku kutoka huko, akitaka nimtafutie mthamini wa ardhi haraka iwezekanavyo.

"Mjomba, kwani shamba si mali?" aliniuliza, kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

Shamba ni mali, nilimwambia, lakini lako liko kwa jina la nani? Akanyamaza. Ardhi aliyoizungumzia ingali kwa jina la marehemu babu yake, na wanaoigombea ni watu kumi na mmoja.

Kisa chake si cha kipekee. Mali inayokubaliwa ni ile inayoweza kugeuzwa pesa taslimu katika muda wa mwaka mmoja bila kumtia mwenyewe katika dhiki, na ambayo umiliki wake unathibitika kwa stakabadhi. Mali iliyo nje ya Marekani haikatazwi, mradi pesa zake ziweze kuhamishwa, na Kenya iliondoa udhibiti wa fedha za kigeni katika miaka ya tisini. Tatizo ni kwamba ardhi ya kilimo hapa kwetu haiuzwi bila idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na yenye mgogoro wa urithi haiuzwi kabisa. Afisa anayejua hayo, na wa Nairobi huyajua, atakuwa na maswali. Ploti ya mjini yenye hatimiliki safi na ripoti ya mthamini aliyesajiliwa ina nguvu zaidi, lakini akiba iliyo benki ina nguvu kuliko zote, ikiwa taarifa za miezi 12 zinaonyesha ilivyokusanywa. Pesa zilizoingia wiki moja kabla ya mahojiano hunuka mkopo wa marafiki. Nyumba huhesabiwa baada ya kuondoa deni la rehani, na gari halihesabiwi ila kwa anayemiliki zaidi ya moja.

Mlango wa tatu ni kuunganisha mapato na jamaa anayeishi nyumba moja na mdhamini, kama vile mzazi, ndugu au mtoto mzima, ambaye naye hutia sahihi fomu yake, I-864A.

Mlango wa nne ndio unaotumiwa sana, nao ni wa mdhamini mwenza. Huyu si lazima awe jamaa. Anaweza kuwa jirani, rafiki wa kanisani au mtu wa kijiji kimoja, bora tu awe na umri wa miaka 18 au zaidi, awe raia au mkaazi wa kudumu, na awe na makao nchini Marekani. Hachangii kipande, pato lake peke yake sharti lifikie kiwango kwa watu wa nyumba yake pamoja na hao wanaokuja. Mume au mke mwenyewe bado hujaza fomu yake hata kama hana kazi, na dhamana yake haiondolewi na kuwepo kwa mwenza.

Utamaduni wetu wa harambee umelifanya ombi hili lionekane dogo. "Nisainie tu karatasi," mtu humwambia mwenzake baada ya ibada, kama anayeomba kuazimwa ngazi. Aliyeombwa huona haya kukataa, na husaini bila kusoma. Lakini karatasi hiyo haifanani na fomu ya mchango wa arusi. Mdhamini amekubali kwamba mhamiaji hatakosa pato la asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Serikali ikimpa mhamiaji msaada ule uliotengewa maskini, shirika lililoutoa linaweza kumdai mdhamini alipe. Mhamiaji mwenyewe akiachwa bila riziki anaweza kumshtaki.

Dhamana hiyo huanza siku mhamiaji anapopata ukaazi wa kudumu, na hukoma kwa njia chache zinazojulikana: mhamiaji awe raia, ahesabiwe robo 40 za kazi, ambazo kwa kawaida ni kama miaka kumi, aondoke Marekani kabisa na kupoteza ukaazi wake, au mauti yamfike yeye au mdhamini. Kufilisika si mojawapo, na talaka pia haimo.

La talaka wengi hawaliamini hadi wakili awathibitishie. Mume anaweza kumwita mkewe, wakakosana baada ya miezi minane, wakaachana kwa hukumu ya korti, na bado akabaki na wajibu wa kumkimu kwa kiwango kile kile. Mwaka wa 2012 mahakama ya rufaa ya shirikisho jijini Chicago iliamua kwamba mdhamini hawezi kuukwepa wajibu huo kwa hoja kuwa mtalaka hajajitahidi kutafuta kazi. Mwaka wa 2016 nyingine, ya San Francisco, ilishikilia kwamba mkataba uliofanywa kabla ya ndoa haukuufuta. Na yule rafiki wa kanisani aliyesaini karatasi? Yeye pia angali ndani, ingawa hakuwa na ndoa ya kuvunja.

Kwa upande wa anayeitwa, sheria hii ni kinga ambayo wake wengi hawaijui. Mwanamke aliyetoroka nyumba yenye vipigo akiwa hana kazi wala jamaa huko hana haja ya kudhani kwamba ameachwa bila chochote. Nakala ya I-864 ni stakabadhi ya kuhifadhi pamoja na cheti cha ndoa.

Anayejuta kabla mambo hayajaiva ana nafasi: mdhamini anaweza kuondoa dhamana yake kabla viza haijatolewa. Baada ya hapo amefungwa. Kadhalika, akihama nyumba anatakiwa kuijulisha idara ya uhamiaji katika siku 30, na akipuuza anaweza kutozwa faini kuanzia Dola 250.

Kuna sharti jingine linalowashangaza Wakenya waliopata uraia wa Marekani kisha wakarudi kuishi hapa. Mdhamini ni lazima awe na makao huko, au aonyeshe kwa vitendo kwamba anarejea kuyaanzisha kabla ya mwenzi kuingia au pamoja naye: amepanga nyumba, amepata kazi, amewaandikisha watoto shule. Mshahara mnono wa shirika la kimataifa lililoko Gigiri hauliondoi sharti hili, na ukiwa utakoma akihama, hautamsaidia sana hata katika hesabu ya pato.

Fomu hizi hukaguliwa kwanza na Kituo cha Kitaifa cha Viza kilichoko New Hampshire, kisha faili hutumwa ubalozini Nairobi kwa mahojiano. Afisa wa ubalozi hafungwi na ukaguzi huo wa kwanza. Hutazama pia umri, afya, elimu na ujuzi wa mwombaji, na anaweza kudai mdhamini mwenza siku ile ile. Akisema stakabadhi zimepungua, mwombaji hupewa muda wa mwaka mmoja kuzileta. Ukipita, huanza upya na kulipa upya.

Wanaotazama Uingereza wasidhani hesabu ni nyepesi huko. Tangu 2012 raia au mkaazi aliyemwita mwenzi alitakiwa kupata Pauni 18,600 kwa mwaka. Kuanzia Aprili 11, 2024 kiwango kilipandishwa hadi Pauni 29,000 kwa waombaji wapya, takriban Sh5 milioni. Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua Februari 2017 kwamba kuwepo kwa kiwango si kinyume cha sheria, ijapokuwa ilikiri kwamba kinawatesa wengi. Asiye na pato aweza kutumia akiba ya Pauni 88,500 iliyokaa miezi sita. Mdhamini mwenza hakuna, na msaada wa jamaa hutazamwa tu katika hali za kipekee. Wahudumu wa wazee walioajiriwa kutoka nje walifungiwa mlango kabisa Machi 11, 2024: tangu siku hiyo aliyeomba viza ya kazi hiyo kwa mara ya kwanza hakuruhusiwa kwenda na mume, mke wala watoto.

Mpwa wangu, kwa taarifa ya msomaji, aliachana na habari za shamba. Mzee mmoja wa kanisa lao alikuwa amekubali kumsainia, akaenda na fomu nyumbani, akaisoma na mkewe, kisha akairudisha kwa upole bila sahihi. Kijana hakumlaumu. Aliongeza zamu za usiku kwenye makao ya wazee anakofanya kazi, akakusanya hati za mshahara za miezi sita na barua ya mwajiri, akapita kiwango kwa Dola mia nne na ushei. Mkewe aliondoka na ndege ya alfajiri, miezi ishirini na mmoja baada ya harusi.